Harvey Cushing: jina moja, tezi mbili

Katika kitivo cha lugha tumezoea kusimulia maisha ya washairi, waandishi wa riwaya na wataalamu wa sarufi. Safari hii nimemchagua mpasuaji wa Marekani. Wenzetu wa kitivo cha tiba hulitaja jina lake darasani na hospitalini, lakini ni wachache wanaojua habari za mtu mwenyewe. Sababu yangu ni ya kiisimu. Jina la Harvey Cushing hutumika kwa maradhi yanayofanana usoni lakini yanayotofautiana chanzo. Kifaransa kinayatenganisha kwa maneno mawili, syndrome na maladie. Sisi tunapoyaleta katika Kiswahili, ni rahisi kuyaita yote ugonjwa wa Cushing tu. Tofauti inayopotea hapo si ndogo, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha mpasuaji kama atafute uvimbe kichwani au tumboni, juu ya figo. Ili tuone jina moja lilivyofika kubeba mambo haya yote, tumfuate mwenye jina tangu mwanzo.

Mtoto wa ukoo wa madaktari

Harvey Williams Cushing alizaliwa tarehe 8 Aprili 1869 mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio, akiwa kitinda mimba wa watoto 10. Baba yake alikuwa daktari, babu yake alikuwa daktari, na hata baba wa babu yake alikuwa daktari. Nyumba ilikuwa ya watu wenye bidii, wenye maneno machache na wasiopenda anasa. Alisoma Yale, ambako alicheza besiboli, akamaliza mwaka 1891. Kisha akaingia shule ya tiba ya Harvard, akapata shahada yake mwaka 1895.

Akiwa bado mwanafunzi huko Boston alipewa kazi ya kuwalaza wagonjwa kwa etha wakati wa upasuaji. Siku zile kazi hiyo waliachiwa wanafunzi, bila mafunzo ya maana. Mgonjwa mmoja aliyelazwa na Cushing alikufa mbele ya macho yake. Kijana yule alitikisika hata akafikiria kuacha tiba. Hakuacha. Pamoja na mwanafunzi mwenzake, Amory Codman, alitengeneza karatasi ya kuandikia mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa tangu anapolala mpaka anapoamka. Leo hakuna chumba cha upasuaji kisicho na karatasi ya namna hiyo, au mashine inayofanya kazi yake. Tabia aliyoipata pale haikumtoka tena: kinachotokea kwa mgonjwa lazima kiandikwe, kichorwe au kipigwe picha, kwa maana kumbukumbu ya daktari peke yake haitoshi.

Baltimore na safari ya Ulaya

Mwaka 1896 alikwenda Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins, chini ya mpasuaji William Halsted. Halsted alikuwa mtu wa polepole. Wakati wapasuaji wengine walijisifu kwa haraka ya mkono, yeye alifundisha kushika nyama ya mgonjwa kwa upole, kuzuia damu isimwagike na kufunga jeraha tabaka kwa tabaka. Upole huo ndio Cushing aliokuja kuupeleka kwenye ubongo. Hapo Baltimore alimkuta pia William Osler, mwalimu mkubwa wa tiba na mpenzi wa vitabu vya kale. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo cha Osler.

Mwaka 1900 alivuka bahari kwenda Ulaya. Mjini Bern, Uswisi, kwa Theodor Kocher, alifanya majaribio juu ya wanyama. Aligundua kwamba msukumo ndani ya fuvu ukiongezeka, shinikizo la damu nalo hupanda ili damu iendelee kufika kwenye ubongo, na mapigo ya moyo hupungua. Jambo hilo nalo limepewa jina lake. Mjini Pavia, Italia, aliona kifaa cha Riva-Rocci cha kupima shinikizo la damu kwa mfuko wa hewa unaofungwa mkononi. Akachukua mfano wake, na mwaka 1901 akarudi nao Baltimore. Kifaa ambacho leo tunakiona hata katika kituo kidogo cha afya kilipata njia ya kuingia Marekani kwa mkono wake. Mwaka 1902 alimwoa Katharine Crowell wa Cleveland, wakazaa watoto watano.

Kichwa kinafunguliwa

Cushing alipoanza, kumfungua mtu kichwa kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo. Wagonjwa walikufa kwa damu, kwa uvimbe wa ubongo, au kwa maambukizi. Wapasuaji wengi walifanya kazi hiyo mara chache, katikati ya matumbo na mifupa. Yeye aliamua kuifanya iwe kazi yake ya maisha. Mwaka 1911 alieleza vibanio vidogo vya fedha vya kufungia mishipa ya damu ambayo uzi hauwezi kuifikia. Alichukua saa nyingi juu ya kichwa kimoja. Alikuwa mchoraji hodari, na baada ya upasuaji alichora mwenyewe alichokiona. Mwisho wa maisha yake ya kazi, vifo katika upasuaji wake vilikuwa vimeshuka chini ya mgonjwa 1 kati ya 10.

Kwa wagonjwa alikuwa mpole. Kwa wasaidizi wake alikuwa mkali kiasi cha kutisha, na nyumbani hakuonekana sana. Wanawe walilelewa zaidi na mama yao. Sisemi hivyo ili kumshusha, ila maisha yake hayaeleweki bila gharama hiyo.

Tezi moja ilimvuta kuliko zote. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, katika kishimo cha mfupa, kuna tezi ndogo mfano wa punje ya njegere. Jina lake pituitari linatokana na neno la Kilatini la makamasi, kwa sababu wazee wa zamani walidhani inachuruza makamasi kwenda puani. Kifaransa kinaiita hypophyse, kwa Kigiriki yaani iliyoota chini. Majina yote mawili hayasemi lolote juu ya kazi yake. Neno homoni lenyewe lilikuwa changa: lilianza kutumiwa na Ernest Starling wa London mwaka 1905, kutoka Kigiriki, kwa maana ya kuamsha au kusukuma. Cushing alikuwa kati ya watu wa kwanza kudai kwamba tezi hii inaweza kufanya kazi kupita kiasi au pungufu, na kwamba hali hizo mbili huleta maradhi tofauti. Alibuni njia ya kuifikia kwa kupita chini ya mdomo wa juu na ndani ya pua, bila kufungua fuvu, akaitumia kwa wagonjwa zaidi ya 200 kabla ya kuiacha. Kitabu chake juu ya tezi hiyo na maradhi yake kilitoka mwaka 1912.

Msichana wa mwaka 1910

Katika kitabu hicho, kati ya wagonjwa wengi, yumo msichana wa miaka 23 aliyefika Johns Hopkins mwezi wa Desemba 1910. Alikuwa mhamiaji kutoka Urusi. Hedhi yake ilikuwa imekatika miaka mingi. Uso ulikuwa umeviringika, tumbo limejaa, hali mikono na miguu haikunenepa kwa kiasi hicho. Nywele zilikuwa zimeota mahali ambapo wanawake hawazioti sana. Ngozi ilikuwa na michirizi ya zambarau na kuvilia damu kwa kuguswa kidogo. Kichwa kilimuuma, nguvu zilimwisha.

Cushing alimpiga picha, akamweleza kwa makini, akapunguza msukumo wa kichwa kwa upasuaji, lakini chanzo hakukipata. Ilikuwa pituitari? Ilikuwa tezi za juu ya figo? Alichagua jina pana: sindromu ya tezi nyingi. Mimi naliona jina hilo kuwa la mtu mwaminifu, kwa sababu lilitaja alichokiona likaliacha wazi swali la chanzo. Msichana yule aliishi miaka mingi baadaye, na Cushing alipoandika tena habari zake mwaka 1932 bado alikuwa hai. Hivyo mgonjwa ambaye sura yake ndiyo mwanzo wa jina hili hakupata kuthibitishwa chanzo cha maradhi yake.

Vita, mwana na kitabu

Mwaka 1912 Cushing alihamia Boston, kuongoza upasuaji katika hospitali mpya ya Peter Bent Brigham na kufundisha Harvard. Vita Kuu ilipowaka alikwenda Ufaransa mwaka 1915 kwa muda, akarudi tena mwaka 1917 pamoja na jeshi la Marekani. Alipasua vichwa vya askari usiku na mchana, akitoa vipande vya chuma kwa sumaku. Mwezi wa Agosti 1917 aliitwa usiku kwa sababu mwana pekee wa Osler, Revere, alikuwa amejeruhiwa. Alikuwapo alipopasuliwa, akawapo alipozikwa. Mwaka uliofuata Cushing mwenyewe aliugua ugonjwa wa neva uliomwachia miguu dhaifu, na sigara nyingi alizovuta zikaiharibu zaidi mishipa ya miguu hiyo.

Osler alipofariki mwaka 1919, mjane wake alimwomba Cushing aandike maisha ya mumewe. Akaandika juzuu mbili zilizotoka mwaka 1925, na mwaka 1926 zikapata tuzo ya Pulitzer. Mwaka huohuo wa 1926, mwezi wa Juni, simu ililia asubuhi: mwanawe mkubwa, William, mwanafunzi wa Yale, amekufa kwa ajali ya gari. Cushing alimpa mkewe habari, kisha akaingia chumba cha upasuaji akamaliza kazi iliyokuwa ikimngoja. Waliokuwa naye hawakujua mpaka baadaye. Wako wanaouona huo kuwa ushujaa, na wako wanaouona kuwa ugumu wa moyo. Mimi naona ni mtu ambaye hakuwa amejifunza mahali pengine pa kupeleka huzuni yake. Oktoba ya mwaka huo, pamoja na mwanafizikia William Bovie, alianza kutumia umeme kukata na kuzuia damu katika ubongo, akawaita tena wagonjwa ambao mwanzo alikuwa ameshindwa kuwamalizia.

Makala ya 1932

Mwezi wa Aprili 1931 alimpasua mgonjwa wake wa 2000 mwenye uvimbe wa ubongo uliothibitishwa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 63 na karibu kustaafu Harvard, alitoa makala iliyolifikisha jina lake mbali kuliko vichwa hivyo vyote. Alikusanya wagonjwa 12, wengi wao kutoka maandishi ya madaktari wengine, wenye sura ile ile ya msichana wa 1910. Miongoni mwa waliokufa na kuchunguzwa, kadhaa walikutwa na uvimbe mdogo sana katika pituitari, wa chembe zinazopokea rangi ya aina fulani chini ya hadubini. Cushing akasema chanzo ni hicho. Akaipa hali hiyo jina la kisayansi lililotaja tezi na chembe zenyewe: basofilia ya pituitari.

Hapa ndipo sisi wa lugha tunapopaswa kutulia, kwa sababu majina matatu yalishindana ndani ya miaka michache. La kwanza ni hilo la Cushing, lililoshitaki pituitari waziwazi. La pili lilitoka Mayo Clinic huko Minnesota mwaka 1934: Walters, Wilder na Kepler walieleza wagonjwa 10, wakaiita hali hiyo kwa jina la gamba la tezi za juu ya figo. Nalo lilishitaki chanzo, ila mshitakiwa ni mwingine. La tatu lilikuwa limetumiwa tayari mwaka 1932 na madaktari wawili wa London, Bishop na Close, nalo halikushitaki chochote: sindromu ya Cushing.

Lililoshinda ni la tatu. Nadhani lilishinda kwa sababu jina la mtu halisemi chanzo. Aliyeamini pituitari aliweza kulitumia, na aliyeamini tezi za figo aliweza kulitumia, wakaendelea kubishana huku wakielewana wanamzungumzia mgonjwa wa namna gani. Jina lenye maelezo likikosea, lazima libadilishwe. Jina la mtu hubaki hata maelezo yakibadilika. Hata hivyo si lugha zote zilizomheshimu mtu mmoja. Nikolai Itsenko, daktari wa Voronezh, alikuwa ameeleza wagonjwa wa namna hii miaka ya 1920, na mpaka leo Kirusi husema Itsenko-Cushing.

Upande wa figo

Wote wawili, Boston na Mayo, walikuwa na sehemu ya ukweli. Juu ya kila figo kuna tezi moja yenye uzito wa gramu 4 au 5. Kifaransa kinaziita surrénales, yaani zilizo juu ya figo, na Kiswahili kinaweza kusema hivyohivyo bila kukopa: tezi za juu ya figo. Gamba la tezi hizo hutengeneza kortisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa, njaa na mshituko. Pituitari ndiyo inayotoa amri kwa homoni yake inayoitwa kwa kifupi ACTH. Kortisoli ikitosha katika damu, pituitari hunyamaza. Ikipungua, pituitari huamuru tena.

Uvimbe ukitokea katika pituitari, amri hutolewa bila kikomo na tezi zote mbili za juu ya figo hufanya kazi kupita kiasi. Hao ndio wagonjwa wa Cushing hasa, na ndio wengi: karibu 7 kati ya 10 ambao kortisoli yao inazidi kwa sababu iliyo ndani ya mwili. Lakini uvimbe ukitokea katika tezi ya juu ya figo yenyewe, kortisoli hutengenezwa bila amri ya mtu. Pituitari, ikiona kortisoli imejaa, hunyamaza kabisa. Tezi ya upande wa pili, kwa kukosa amri, hunywea na kulala. Mara nyingi uvimbe huo si saratani. Saratani ya gamba la tezi hiyo ni nadra sana, mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, lakini ni kali. Iko pia hali nadra zaidi ambamo tezi zote mbili hujaa vinundu vidogo vyeusi, wakati mwingine ikirithiwa katika ukoo. Daktari J. Aidan Carney wa Mayo Clinic, ambaye jina lake nalo limebaki kwenye maradhi hayo ya ukoo, alirudi miaka ya 1990 kutafuta habari za msichana wa 1910 na chanzo cha ugonjwa wake. Swali la Cushing lilikuwa bado halijafungwa.

Ukimtazama mgonjwa tu, huwezi kujua ni upande gani. Uso mviringo kama mwezi, nundu ya mafuta nyuma ya shingo, michirizi ya zambarau tumboni, mapaja yanayoshindwa kumnyanyua mtu kutoka kitini, shinikizo la damu, sukari, mifupa inayovunjika kirahisi, usingizi uliopotea na moyo mzito: dalili hizo ni za wote. Kinachowatenganisha ni kipimo cha damu. ACTH ikiwa chini kabisa, mshitakiwa yuko juu ya figo. Ikiwa juu au ya kawaida, mshitakiwa ni pituitari, au mara chache uvimbe mahali pengine, kama pafu.

Wapasuaji wa miaka ya 1930 waliozitoa tezi zenye uvimbe waliona jambo la kusikitisha. Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku chache baadaye mgonjwa akazimika. Tezi iliyobaki ilikuwa imelala, na hapakuwa na cha kumpa badala ya kortisoli. Dawa hiyo ilipatikana kwa kazi ya Kendall huko Mayo na Reichstein huko Uswisi, waliotenga homoni za gamba hilo. Mwaka 1948 Philip Hench aliijaribu kortisoni kwa mgonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1950 watatu hao walipata tuzo ya Nobel. Tangu hapo mtu aliyetolewa uvimbe huo hupewa dawa mpaka tezi yake ya pili iamke, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi. Cushing hakuiona siku hiyo.

Vitabu na kifo

Alipostaafu Harvard, Cushing alirudi Yale mwaka 1933 kuwa profesa. Mikono ilikuwa imepumzika, lakini vitabu havikupumzika. Kwa miaka mingi alikuwa amekusanya vitabu vya kale vya tiba, hasa vya Andreas Vesalius, mwanaanatomia wa karne ya 16. Akawashawishi marafiki wawili, John Fulton na Arnold Klebs, waunganishe makusanyo yao na lake ili Yale ijenge maktaba ya historia ya tiba. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1941. Yeye alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo mjini New Haven tarehe 7 Oktoba 1939, akiwa na miaka 70. Maiti yake ilipochunguzwa, ndani ya ubongo wake ulikutwa uvimbe mdogo wa kama sentimita moja, ambao haukuwa umemletea madhara.

Aliacha pia mkusanyo wa kesi zaidi ya 2,200: bongo katika mitungi, maelezo ya wagonjwa na maelfu ya picha za kioo, vyote vikitunzwa na Louise Eisenhardt, daktari aliyefanya naye kazi miaka mingi. Baadaye vitu hivyo vilisahauliwa katika ghala za Yale, mpaka mwaka 2010 vilipowekwa katika chumba maalumu ambako watu huweza kuviona. Nyuso zilizo katika picha zile zinatazama moja kwa moja kwenye kamera. Ni wagonjwa waliokubali kuonekana ili wengine watambuliwe.

Jina likiwa kwetu

Baada ya Cushing, madaktari waligawa maneno. Syndrome ilibaki kwa sura nzima, chanzo chochote kiwe. Maladie ikatengwa kwa uvimbe wa pituitari peke yake, kwa heshima ya chanzo alichokitetea mwenye jina. Kwa hiyo kila mwenye ugonjwa wa Cushing ana sindromu ya Cushing, lakini si kila mwenye sindromu ana ugonjwa huo. Mwenye uvimbe wa tezi ya juu ya figo hana maladie ya Cushing hata kidogo.

Kiswahili kinahitaji utengano huo. Neno ugonjwa peke yake halitoshi, kwa maana kwetu hufunika yote mawili. Napendekeza sindromu libaki kwa mkusanyiko wa dalili, kama linavyosikika tayari midomoni mwa wauguzi wetu wanaochanganya Kifaransa na Kiswahili, na ugonjwa wa Cushing utumike kwa pituitari tu. Kwa aliye na uvimbe juu ya figo tuseme hivyo wazi: uvimbe wa tezi ya juu ya figo unaozidisha kortisoli. Ni maneno mengi, lakini mgonjwa atajua mahali ambapo munganga atapasua, na kwa nini.

Kuna chanzo cha tatu ambacho Cushing hakuweza kukijua, nacho ndicho kilichoenea kuliko vyote duniani: dawa zenyewe. Kortisoni iliyowaokoa wale waliopasuliwa, ikitumiwa sana na kwa muda mrefu, huleta uso uleule. Katika miji yetu wapo wanaopaka kila siku mafuta ya kugeuza rangi yenye klobetasoli, na wapo wanaomeza deksametasoni ili wanenepe. Majirani huona mashavu yamejaa, wakasema fulani amependeza, maisha yamemnyookea. Ndani, tezi zake zimelala sawasawa na ile tezi ya pili ya mgonjwa mwenye uvimbe. Akiacha ghafla anaweza kuzimika kama waliozimika miaka ya 1930, ndiyo maana kuacha huko kunatakiwa kufanywe polepole, chini ya daktari.

Mtu huyo naye, akifika hospitalini, ataandikiwa jina la Cushing kwenye karatasi yake. Akirudi nyumbani akatuuliza sisi tuliosoma lugha jina hilo maana yake nini, tusimjibu kwamba ni jina la mzungu mmoja, basi. Tumwambie kwamba jina hilo linaeleza sura yake tu, na kwamba chanzo kinaweza kuwa kichwani, juu ya figo, au ndani ya kopo la mafuta lililo mezani kwake. Kisha tumwambie arudi kuuliza ni kipi kati ya hivyo vitatu.